Kifungo chenye fuvu na picha ya ofisa wa 17th Lancers, ni miaka gani?

Mdadisi_Sare: Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaozijua sare za zamani za maofisa wapanda farasi wa Uingereza. Nina kifungo cha dhahabu chenye fuvu na mifupa miwili, nimeambiwa ni 17th Lancers, kikosi cha wapanda farasi wenye mikuki, halafu nina picha ya ofisa isiyo na tarehe, kitambaa cha kifuani kinaonekana cheupe. Naanzia wapi, maana kila ninayemuuliza ananitajia vita ya Balaclava 1854 anaishia hapo, na mi nataka ushahidi.

Hatamu: Mkuu fuvu peke yake halikupi tarehe. Lipo tangu kikosi kinaanzishwa 1759, John Hale alilichagua kumkumbuka Jenerali Wolfe aliyefia Quebec, na hata 1922 walipounganishwa na kikosi kingine, 21st Lancers, fuvu likaendelea. Geuza kifungo usome mgongoni, watengenezaji kama Firmin wa London walikuwa wanapiga jina lao pale, na jina au anwani ikibadilika ndio unapata pa kushikilia. Kama kuna taji liangalie pia, la enzi za Victoria na la wafalme waliomfuata baada ya 1901 hayafanani.

BintiWaMakumbusho: Picha na kifungo vichunguze mbalimbali jamani, visije vikawa havihusiani kabisa. Weupe wa kifuani usiuamini haraka, picha za zamani zinatoa bluu ikiwa nyepesi na nyekundu ikiwa nyeusi. Ni kweli 17th walivaa nyeupe ila 21st walikuwa na kijivu hafifu ambacho kwenye picha utadhani cheupe! Niambie alama za vyeo ziko wapi, begani au kwenye kola?

Mdadisi_Sare: Kwenye kola, naona taji na nyota, mabegani hamna kitu.

BintiWaMakumbusho: Safi sana, hapo umeshapata kitu cha maana. Vyeo vilikaa kwenye kola kuanzia 1855 hadi 1880 ndio vikahamia mabegani, kwa hiyo 21st watoe, wao wamekuwa Lancers 1897. Taji na nyota pamoja ni kapteni au kanali, utepe wa kola ndio unawatenganisha.

Hatamu: Basi chukua Army List ya Hart, yaani orodha ya maofisa wa jeshi, ya miaka hiyo, ilikuwa inatoka kila mwaka hadi 1915, toa majina ya makapteni na makanali wa 17th halafu yafuatilie kwenye kumbukumbu za maofisa National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa kule Kew, London, mfululizo wa WO 76. Na ukipata muda tuwekee mgongo wa kifungo tuusome pamoja.