Nimekariri mpaka nikaongoza darasa, lakini mbele ya mgonjwa nikakwama. Nifanyeje?

mwaka_wa_tatu

Habari zenu wakuu. Nasoma udaktari mwaka wa tatu, na nimeanza kuingia wodini miezi miwili iliyopita. Naombeni ushauri, ila tafadhali msiniambie tu kwamba nitazoea.

Miaka miwili ya kwanza nilipiga msuli kwa njia moja: kukariri. Neva 12 za fuvu nilizitungia sentensi. Mzunguko wa Krebs niliubandika ukutani, juu ya kitanda. Mitihani ilikuwa inauliza hivyo hivyo, na nilikuwa naongoza.

Wiki iliyopita kwenye raundi tulisimama kwa kijana mwenye kisukari aliyeletwa alfajiri hiyo. Alikuwa anahema pumzi ndefu za haraka kama aliyetoka kukimbia, na midomo imekauka mpaka imepasuka. Kwenye faili lake potasiamu ilizungushiwa kalamu nyekundu: 5.6. Daktari bingwa akanigeukia. "Potasiamu yake ikoje?" Nikajibu bila kusita: "Iko juu, Daktari. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0." Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwilini mwake potasiamu ni nyingi au ni pungufu?" Nikasema nyingi. "Na nikimwekea insulini sasa hivi, baada ya saa mbili itakuwa wapi?"

Nikanyamaza. Najua insulini inatengenezwa na seli za beta za kongosho, najua ina amino asidi 51 katika minyororo miwili. Yote hayo yalinijia kichwani pale pale na hakuna hata moja lililonisaidia. Kijana mwenyewe alikuwa ananitazama, akisubiri jibu langu kama wengine. Macho yale sijayasahau.

Je, nimepoteza miaka miwili? Niache kukariri nijifunze kufikiri? Na kufikiri huko kunasomwaje, maana sijawahi kuona kipindi chake kwenye ratiba.

Zamu_ya_Usiku

Pole mdogo wangu. Mimi ni daktari, na swali hilo hilo niliwahi kulikosa.

Tuanze na kijana wako. Hana insulini ya kutosha, damu yake ina asidi, na sukari nyingi iliyomo kwenye damu inavuta maji kutoka ndani ya seli. Potasiamu nayo inatoka, inaingia kwenye damu. Figo zinamwaga sukari kwenye mkojo, na mkojo huo mwingi unaondoka na potasiamu. Kwa hiyo ile 5.6 ni ya kwenye damu tu, mwili kwa jumla umepungukiwa potasiamu. Ukimpa insulini, potasiamu inarudi ndani ya seli na kiwango cha kwenye damu kinashuka kwa kasi. Moyo haupendi hilo hata kidogo. Ndiyo maana tunapima potasiamu kabla ya insulini, tunaendelea kuipima kila baada ya saa chache, na ikiwa tayari iko chini tunaanza kuirudisha kwanza, insulini inasubiri. Hata ile pumzi ndefu uliyoiona ina sababu: mwili unatoa kaboni dioksaidi ili kupunguza asidi.

Sasa angalia: hakuna sehemu ya maelezo haya usiyokuwa nayo. Ulisoma seli kwenye fiziolojia, figo kwa mwalimu mwingine, insulini kwenye biokemia. Vipande vyote ulikuwa navyo, hukuwahi kuviunganisha.

Lakini usiache kukariri, nakusihi. Mtu akivimba koo kwa mzio mkali, pumzi inakata, huna dakika ya kuchambua. Adrenalini miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Moyo ukisimama ni miligramu 1 kwenye mshipa, kila dakika 3 hadi 5. Hivi viwili ukivichanganya, ukampa mwenye mzio ambaye moyo wake unapiga ile miligramu 1 ya mshipani, unaweza kumuua. Hayo yakariri hadi uweze kuyataja ukiamshwa usingizini.

desa_kamili

Samahani Dokta, naheshimu uzoefu wako, ila wengine tuna mtihani Jumatatu. Mtihani utauliza tawi la tatu la mshipa fulani, hautauliza kwa nini. Anayekaa kutafuta sababu anafika nusu ya notisi, na aliyemeza anafaulu. Mfumo ukitaka tufikiri, basi utunge maswali ya kufikiri.

Mwalimu_wa_Fiziolojia

Desa_kamili, lawama hiyo naipokea, kwa sababu maswali natunga mimi. Ni rahisi kuuliza "kiwango cha kawaida cha potasiamu ni kipi" na kusahihisha karatasi 200 jioni moja. Kutunga kisa kizuri cha mgonjwa kunanichukua siku nzima. Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilianza mwaka 1969 kufundisha udaktari kwa kuanzia kwenye kisa cha mgonjwa, kwa hiyo njia ipo, na tunaoivivia tupo.

Ila mwaka_wa_tatu, usidhani kuna somo la "kufikiri" lililo peke yake. Mtafiti Arthur Elstein na wenzake walipowachunguza madaktari kazini, matokeo waliyoyachapisha mwaka 1978, waligundua kwamba mtu anaweza kuchambua vizuri kisa kimoja na kushindwa kingine. Kilichowatofautisha zaidi ni kile walichokijua kuhusu ugonjwa husika. Bila maarifa hakuna cha kufikiria. Na kwa anayeogopa kuishiwa muda: mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kazi yake ya mwaka 1885, alijipima kwa kukariri silabi zisizo na maana na pia beti za shairi. Beti zilimchukua takriban sehemu moja ya kumi ya juhudi. Chenye maana hukaa upesi.

Fanya hivi. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika dalili moja katikati. Chora mishale ya sababu kurudi nyuma. Mshale usioweza kuueleza kwa sauti, hapo ndipo pa kwenda kusoma.

mwaka_wa_tatu

Shikamoo Mwalimu, na asante sana Dokta. Jana nilifanya. Niliandika "miguu imevimba" kwa mgonjwa wa moyo ulioshindwa kusukuma. Moyo unasukuma damu kidogo, figo zinaona damu imepungua, zinatoa renini, inakuja angiotensini, kisha aldosteroni, figo zinabakiza chumvi na maji, miguu inavimba. Nimekaa na hizo homoni mwaka mzima kwenye daftari la figo, na moyo kwenye daftari lingine! Nilikwama kwenye mshale mmoja: aldosteroni inafanya nini kwa potasiamu. Nikasoma. Inaitoa kwenye mkojo. Hapo nikaelewa kwa nini wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia angiotensini, kaptoprili na enalaprili, wanapimwa potasiamu: aldosteroni ikipungua, potasiamu inabaki mwilini. Nilikuwa nimelikariri hilo kama "athari namba nne".

Karatasi moja, saa moja na nusu. Desa_kamili ana haki, ni polepole.

Zamu_ya_Usiku

Vizuri sana. Mgonjwa wako huyo huyo anatumia enalaprili, na leo kaongezewa spironolaktoni. Potasiamu inaelekea wapi, na wewe unafanya nini?

mwaka_wa_tatu

Spironolaktoni inaizuia aldosteroni yenyewe. Kwa hiyo inapanda, tena kwa njia mbili. Ningeangalia figo zake na potasiamu kabla hajameza kidonge cha kwanza, kisha nipime tena ndani ya wiki moja.