Mrejesho: mende wa Madagaska waliokuwa wakifa na kutoroka

Ndugu zangu, nawashukuru sana mlionijibu nilipouliza kwa nini mende wangu wa Madagaska, aina ya mende wakubwa wasio na mabawa ninaowafuga hapa Mikindani, walikuwa wakifa na wengine kutoroka. Nimepaka mafuta ya mgando kwenye ukingo wa ndani wa beseni, nikasimamisha trei za mayai ili wapate maficho, na mahali pa kisahani cha maji nikaweka sifongo iliyoloweshwa. Vifo vimekoma, na juzi nilimwona mmoja aliyetoka kujivua gamba, mweupe kabisa, ambaye kufikia jioni alikuwa amerudia rangi yake ya kahawia. Mabibo (matunda ya mkorosho) niliyowalisha, hata hivyo, hayakufaa, kwani katika joto letu yalichacha upesi na kuleta inzi wadogo, hivyo sasa nawapa karoti. Watoto wao bado hupenya kwenye matundu ya hewa. Natafuta wavu wenye macho madogo zaidi.