Papanicolaou: kwa nini kipimo chake kilichelewa kukubalika?

Mwanafunzi wa uuguzi: Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Kila wiki naandaa vifaa vya kipimo cha Pap, kile cha kuchunguza saratani ya shingo ya kizazi, lakini mwenye jina hilo simfahamu. Alikuwa nani?

Mtaalamu wa maabara: George Papanicolaou alizaliwa mwaka 1883 mjini Kymi, Ugiriki, akasomea udaktari Athens, na mwaka 1913 akahamia New York na mkewe Andromache, aliyejulikana kama Mary, ambaye alishona vifungo dukani ili wapate riziki. Baadaye, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Cornell, alichunguza mzunguko wa uzazi wa simbilisi kwa kupaka ute wao kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini. Alipofanya vivyo hivyo kwa wanawake, alikutana na seli za saratani ya shingo ya kizazi, zenye viini vikubwa vilivyopotoka umbo. Alitangaza jambo hilo mwaka 1928, lakini wataalamu wengi hawakushawishika, kwa kuwa walizoea kukata kipande kidogo cha nyama ya mwili na kukichunguza ndipo wathibitishe ugonjwa.

Mkunga mstaafu: Mwanangu, umeuliza vyema. Utafiti ambao Papanicolaou aliutoa pamoja na Herbert Traut, daktari wa magonjwa ya wanawake, mwaka 1941, na kitabu chao cha 1943, ndivyo vilivyobadilisha mambo. Ila naomba Mary asisahauliwe: kwa miaka mingi alijitolea kuchukuliwa ute, tena akifanya kazi ya maabara bila mshahara.

Mwanafunzi wa uuguzi: Shikamoo, na asante sana. Habari za Mary sikuwahi kufundishwa darasani.