Mrejesho: riakta niliyoichagua kwa anhidridi ya maleiki

Ndugu zangu, wiki chache zilizopita niliwauliza ni riakta (chombo cha kufanyia mmenyuko wa kikemikali) ipi inayofaa kuzalisha anhidridi ya maleiki, kemikali ya kutengenezea resini za plastiki, kutokana na gesi ya butani, katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho hapa Nairobi: ile ya mabomba mengi yaliyojazwa kichocheo (dutu inayoharakisha mmenyuko), au ile ambayo chembe za kichocheo huelea katika mkondo wa gesi. Nimechagua ya mabomba, na nawashukuru kwa dhati.

Kilichoniamulia ni joto. Kila moli (kipimo cha kiasi cha dutu) ya butani inayogeuka kuwa anhidridi hutoa takriban kilojuli 1,240, na ile inayoungua hadi kaboni dioksidi hutoa zaidi ya maradufu. Nilipokokotoa kwa bomba la kipenyo cha milimita 50, mchoro wa halijoto ulipanda kama ukuta karibu na mlango wa gesi. Nilipopunguza hadi milimita 25, huku chumvi ya nitrati iliyoyeyushwa ikizunguka nje ili kuondoa joto, kilibaki kilima kidogo tu, kisha mstari ukatulia karibu na nyuzi 400 za Selsiasi. Nilifarijika mno.

Riakta ya chembe zinazoelea hustahimili butani ya asilimia 4 hivi katika hewa, ilhali mimi nimebaki chini ya asilimia 1.8 ili kukwepa mlipuko. Hata hivyo, kichocheo cha vanadi na fosforasi husagika chembe zake zinapogongana, na hilo lilinitia hofu. Benzeni, malighafi nyingine inayoweza kutumika badala ya butani, niliiacha mapema, kwani kaboni zake 2 kati ya 6 hupotea bure. Sasa nashughulikia mnara wa kufyonza anhidridi kutoka kwenye gesi inayotoka kwenye riakta.