Naomba ushauri: namjibuje anayesema barafu ya Aktiki "imepona"?

Wakuu, kuna jamaa nabishana naye mtandaoni, ananizungusha kweli. Anashikilia kwamba barafu ya bahari ya Aktiki ilifika chini kabisa Septemba 2012, takriban kilomita za mraba milioni 3.4, na rekodi hiyo haijavunjwa, basi imepona. Nikimwekea vipimo vya satelaiti tangu 1979, mstari unashuka waziwazi, anahamia Antaktika: mbona 2014 iliongezeka? Nikimtajia ilivyoporomoka huko huko 2023, anaruka tena: barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi kina cha bahari. (Hapo ana hoja, ila ya Greenland iko nchi kavu.) Nimbane kwenye hoja ipi asichomoke? Na suala la unene wa barafu naliingizaje bila kummwagia grafu?