Binti yangu mwenye sindromu ya Down ana miezi 14 na bado haketi: nianzie wapi?

Mama, Tanga
Wazazi wenzangu, salamu. Shingo ya binti yangu imekwisha kukaza, anacheka, na hunifuata kwa macho kila ninapopita chumbani, lakini nikimketisha mkekani huinama mbele mpaka paji la uso linagusa mkeka, huku miguu ikitawanyika pembeni. Kliniki waliniambia tu kwamba watoto hawa huchelewa, wakanirudishia kadi. Mama mkwe anashauri tumfukie mchangani hadi kiunoni ili mgongo ukaze, na jirani anataka nimnunulie kigari cha kujifunzia kutembea. Sipendi kumvunjia heshima mama mkwe, lakini pia naogopa kumpotezea mtoto muda.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Mombasa
Mama, ni kweli watoto hawa huchelewa, ila ulistahili kuelezwa sababu. Misuli yao huwa milegevu na viungo hunyumbulika mno, ndiyo maana mapaja yanafunguka na mgongo unakosa pa kuegemea. Wengi huketi wenyewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu na kutembea karibu na umri wa miaka 2, ingawa wapo wanaofika miaka 3.

Kabla ya mazoezi, hakikisha moyo umepimwa kwa eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, hata kama daktari hakusikia kasoro yoyote kwa kifaa chake, kwa kuwa karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, na mtoto anayetoka jasho na kuchoka anaponyonya hawezi kulaumiwa kwa uvivu. Omba pia kipimo cha damu cha thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo, ambacho hurudiwa kila mwaka.

Kuhusu mchanga, nasema kwa heshima kwamba hausaidii, kwa sababu mchanga ndio unaofanya kazi ambayo misuli yake ingepaswa kuifanya. Kigari nacho humzoesha kusukuma kwa ncha za vidole. Mketishe katikati ya miguu yako, uyakusanye mapaja yake, kisha umwekee beseni lililopinduliwa mbele yake ili aegemeze mikono. Mshike kifuani; akiimarika, shusha mikono yako kiunoni, kisha kwenye nyonga. Dakika 5 mara kadhaa kwa siku, akiwa ameshiba na hana usingizi, zinamfaa kuliko nusu saa ya kilio. Shingo usiivute wala kuikunja kwa nguvu, kwani mifupa ya juu ya shingo yake inaweza kuwa haijashikana vizuri.

Baba, Morogoro
Naongeza jambo la masikio, kwa sababu sisi lilitupita. Mwanangu alipokuwa na miaka 2 tulidhani ni mkaidi, kumbe majimaji yalikuwa yamejaa nyuma ya ngoma za masikio yake na alikuwa akitusikia kwa mbali. Inaniuma hadi leo nikikumbuka nilivyomkaripia. Watoto hawa huelewa mengi kabla ya kuweza kuyatamka, kwa hiyo tulimfundisha ishara: akitaka uji zaidi, aligonganisha ncha za vidole vya mikono miwili. Ndugu walituonya kwamba hatazungumza kamwe, lakini neno "uji" lilitoka kinywani mwake huku vidole vikiendelea kugongana, na baadaye ishara ikajifia yenyewe.

Bibi, Unguja
Mwanangu, huyo mama mkwe usimweke kando. Mpe kazi ya kushika beseni na kumwimbia mjukuu wake. Mimi nilipopewa kazi ndipo nilipoacha kubishana na mkwe wangu. Tena mweleze kwamba huu si mtindio wa ubongo, maana wengi wetu huchanganya.

Mama, Tanga
Bibi, shikamoo. Nawashukuru nyote. Daktari ametuandikia eko, na masikio nitaomba yapimwe safari hiyohiyo. Jioni hii mama mkwe ameshika beseni mwenyewe. Binti ameliegemea kwa viganja vyote viwili, akainua kichwa na kumtazama bibi yake, nami nikahesabu mpaka nane kabla hajainama.