Tupeane uzoefu: mtoto anacheza nini ndani akiwa mwenyewe?

Mama Wawili
Habari zenu wapendwa. Naomba tupeane uzoefu kuhusu michezo ya ndani ambayo mtoto anaicheza mwenyewe akafurahi, bila mtu mzima kukaa naye na bila simu. Sisemi aachwe bila uangalizi. Mzazi yupo, anafanya yake, mtoto naye anafanya yake.

Naanza mimi. Kwetu mfalme wa michezo yote ni boksi tupu. Wa kwangu wa miaka saba alipata boksi kubwa, akalitoboa dirisha dogo mbele, akaandika "BENKI" kwa kalamu ya rangi. Akakata vikaratasi vya pesa, kila kimoja akakichora uso wa mtu wa nyumbani. Kisha akafungua daftari la wadaiwa. Nilipolichungulia nikakuta jina langu, na mbele yake "kesho". Hakuna aliyemfundisha hayo, na alicheza mchana mzima.

Nilichojifunza ni kimoja, nacho nakiamini kuliko vingine vyote: mtoto akishazama kwenye mchezo, usimkatishe hata kwa kumsifia. Ukimuuliza "unatengeneza nini mwanangu?" anaacha kazi yake aanze kukujibu wewe, na mara nyingi harudi tena pale alipokuwa. Mimi nikipita hapo nanyamaza. Akitaka nione, ataniita.

Karibuni, mwageni ya kwenu.

Baba Pacha
Asante dada kwa uzi huu. Mimi naongelea wingi wa vitu vya kuchezea. Watu wananunua mpaka chumba kinajaa, halafu mtoto anasema hana cha kucheza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walitoa utafiti mwaka 2018. Waliwaangalia watoto 36 wenye umri wa miezi 18 hadi 30, safari moja wakiwa na vitu 4 vya kuchezea, safari nyingine vitu 16. Walipokuwa na vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na walikichezea kwa njia nyingi zaidi.

Kwa hiyo nyumbani vitu vyetu viko kwenye vikapu vitatu. Kimoja kiko chini, viwili viko juu ya kabati. Nikiona wameanza kutupatupa, nabadilisha kapu wakiwa wamelala. Asubuhi wanavipokea kana kwamba ni vipya. Vijitofali vya plastiki vya kujengea tu ndivyo sivipandishi juu, maana havina mwisho: leo gari, kesho daraja.

Mwalimu Mstaafu
Nimefurahi kuona mada hii, nimefundisha chekechea miaka mingi. Kwanza niwatoe hofu wanaodhani mtoto anayecheza peke yake ana tatizo. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha maelezo ya namna watoto wadogo wanavyocheza, na mchezo wa peke yake ni mojawapo ya hatua alizozitaja. Ni wa kawaida kabisa. Hata mkubwa anayecheza vizuri na wenzake anahitaji saa zake za kuwa mwenyewe.

Pili, njia ya sinia. Hii ina asili kwa Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo Roma mwaka 1907. Kazi moja, sinia moja, na kila kinachohitajika kimo humo. Sinia ya kutunga: kamba ya viatu, shanga kubwa ndani ya bakuli, fundo limeshafungwa upande mmoja. Kamba ya viatu ni nzuri kuliko uzi kwa sababu ncha yake ni ngumu, inaingia tunduni bila kulegea, na mtoto hakuiti kila dakika. Sinia ya kumimina: jagi dogo lenye maji kidogo, vikombe viwili, na sponji. Sponji usiisahau, maana ikiwepo hata maji yakimwagika anajua la kufanya, na kufuta nako kunakuwa sehemu ya mchezo.

Ukiweka sinia, mwoneshe mara moja, polepole, bila maneno mengi. Kisha ondoka.

Mama Wawili
Mwalimu, hapo kwenye sponji umenigusa. Mara nyingi wanatuita kwa sababu kitu kimoja kimekosekana.

Mwalimu Mstaafu
Ndiyo mama. Mkasi usiokata, gundi iliyokauka, kalamu isiyoandika. Kagua kabla hujampa.

Shangazi Mkubwa
Nyie mnaongelea wadogo, mimi nina mpwa wa miaka tisa. Huyu ukimpa shanga anakuangalia tu. Kilichomshika ni karatasi.

Jaribuni hii. Kata utepe mrefu wa karatasi, upana wa vidole viwili. Shika ncha zote mbili kama unataka kutengeneza pete, ila ncha moja igeuze nusu mzunguko kabla ya kugundisha. Mwambie mtoto achore mstari katikati bila kuinua kalamu. Atazunguka mpaka arudi alikoanzia, na atakuta mstari umepita pande zote. Kisha akate kwa mkasi kufuata mstari ule ule. Kila mtoto anatarajia pete mbili. Inatoka moja, ndefu maradufu! Mpwa wangu aliiinua akaizungusha, akatafuta palipokatika, hakupaona. Atengeneze nyingine, safari hii akate akiwa theluthi ya upana kutoka ukingoni. Zinatoka pete mbili zilizoshikana, moja ndefu, moja fupi. Utepe huu unaitwa kwa jina la Möbius, mwanahisabati Mjerumani aliyeuchunguza mwaka 1858. Baada ya hapo mpwa wangu hakuhitaji mtu. Alianza kujiuliza mwenyewe, je nikigeuza mara mbili? Mara tatu?

Mwingine ni tangramu, mchezo wa Wachina. Mraba mmoja unakatwa vipande saba: pembetatu tano, mraba mdogo, na msambamba mmoja. Kwa vipande hivyo unapanga paka, mtu anayekimbia, nyumba, mashua. Katoni gumu linatosha.

Mpenda Hadithi
Kwetu ni hadithi za kusikiliza. Redio au spika ndogo inasoma, mtoto anachora anachokisikia. Mikono ina kazi, masikio yana kazi. Wa kwangu anachora hata sura ya mhusika ambaye hadithi haijasema anafananaje.

Mama Kijacho
Jamani mimi wa kwangu ana miaka miwili na nusu, hakai na kitu. Nikigeuka tu yuko mguuni. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu
Usimlinganishe na wa miaka saba, mama. Umri huo dakika chache ni nyingi. Mwekee mchezo karibu na wewe, chumba kile kile, akikuona anatulia. Stika za kubandua na kubandika, sufuria ndogo na mifuniko yake atafute upi unaingia wapi, soksi za kupanga mbili mbili. Maji mpe tu ukiwa unamtazama kwa macho, maana mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina cha sentimita 5. Ukimaliza, mwaga yote.

Baba Pacha
Niongezee upande wa usalama, maana uhuru wa mtoto kucheza mwenyewe unaanzia hapo. Kwa walio chini ya miaka mitatu, chukua kile kigogo cha katikati cha karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwake, kinaweza kumkaba. Betri ndogo bapa za duara, zile za rimoti na vitu vya kuchezea vyenye taa, ni hatari kubwa: ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ukihisi kameza, hospitali hapo hapo, usisubiri dalili. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo ni hivyo hivyo, zikimezwa zaidi ya moja zinavutana ndani ya utumbo.

Mama Kijacho
Asanteni sana. Na katuni je? Maana ndizo zinazonisaidia kupika.

Baba Pacha
Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mwenye mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Wa kwako yumo kwenye kundi la pili. Ile saa itunze kwa wakati unaouhitaji kweli, kama huo wa kupika.

Mama Wawili
Nina swali kwa wote. Muda wa kulala ukifika na kazi haijaisha, mnafanyaje? Benki yetu ilikaa sebuleni siku kadhaa.

Shangazi Mkubwa
Usiibomoe! Mtoto anayejua kazi yake itamsubiri anarudi kwayo asubuhi kabla hajaamsha mtu. Kwa picha za kuunganisha vipande, mimi natandika katoni pana chini kabla hajaanza. Usiku nasukuma lote chini ya kitanda, vipande vikiwa pale pale alipoviacha. Na msinunue kila mara: gundisheni picha ya kalenda ya zamani kwenye katoni, mtoto aikate mwenyewe vipande anavyotaka. Hata mchezo huu wenyewe ulianza hivyo, London miaka ya 1760, John Spilsbury alipobandika ramani kwenye mbao na kuzikata ili watoto wajifunze jiografia.

Mama Wawili
Kalenda ya mwaka jana bado iko ukutani. Naishusha leo hii.